Vifo vya Ini Bukoba na Muleba: Hesabu Isiyokamilika



Mwezi wa Machi 2023 watu walianza kufa katika kata za Maruku na Kanyangereko, Wilaya ya Bukoba, kwa homa kali, kutapika na kutokwa damu. Sampuli zilipelekwa maabara, na tarehe 21 Machi Serikali ilitangaza kwamba ni ugonjwa wa virusi vya Marburg, ambao ulikuwa haujapata kuthibitishwa nchini. Watu zaidi ya 200 waliokaribiana na wagonjwa waliandikwa majina na kufuatiliwa siku baada ya siku. Tarehe 2 Juni ilitangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Hesabu yake inajulikana: wagonjwa 9, vifo 6.

Kazi hiyo ilifanywa vizuri, na walioifanya wanastahili sifa. Lakini katika wilaya hiyo hiyo, na katika Wilaya ya Muleba upande wa kusini, wapo watu wanaokufa matumbo yakiwa yamejaa maji na macho yakiwa ya manjano, ambao kifo chao hakimshtui mtu yeyote nje ya ukoo wao. Huzikwa kwenye kibanja, kando ya migomba, na maneno yanayosemwa matangani huwa mawili au matatu: alikuwa mlevi, amerogwa, siku zake zilikuwa zimefika. Marburg huua katika siku 8 au 9, na kila mtu huona. Virusi vya homa ya ini huua baada ya miaka 20 au 30, na afisa anayepanga bajeti ya wilaya havioni hata kidogo.

Jina lenyewe la ugonjwa huu limeleta matatizo. Wengi wakisikia homa ya ini hufikiri ni homa ya manjano, ambayo ni maradhi mengine kabisa yaletwayo na mbu. Wengine hudhani kwamba mtu asiye na homa hawezi kuwa na homa ya ini. Kumbe aliyeingiwa na virusi vya aina C huweza kuishi nusu ya maisha yake akipalilia kahawa, akifundisha darasani, akizaa na kulea, bila kuumwa jambo lolote la kumpeleka hospitali. Katika kila watu 10 wanaoambukizwa, miili ya watu kama 3 huvishinda virusi hivyo yenyewe katika miezi sita ya kwanza. Saba waliosalia hukaa navyo. Miongoni mwa hao waliosalia, asilimia 15 hadi 30 hupata makovu ya ini katika muda wa miaka 20. Ini hugeuka gumu, damu hukosa njia ya kupita, tumbo hujaa maji, na wengine huishia kwenye saratani ya ini. Virusi hivi vilitambuliwa mwaka 1989 tu. Kabla ya hapo waganga walijua kwamba kuna homa ya ini isiyo ya aina A wala ya aina B, lakini hawakuwa na njia ya kuipima, na damu iliyotolewa kwa wagonjwa duniani kote haikuwa na kinga dhidi yake.

Virusi vya C hupita katika damu. Njia zake kubwa ni sindano isiyochemshwa ipasavyo au inayotumiwa na watu wengi, damu isiyopimwa, na wembe wa kuchanja unaotoka mwili mmoja kwenda mwingine. Aina B hupita huko pia, na zaidi ya hapo hupita kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa na kwa kujamiiana. Aina B ina chanjo, ambayo watoto wachanga nchini walianza kupewa mwaka 2002. Aina C haina chanjo, lakini ina tiba ya vidonge inayoponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100 kwa muda wa wiki 8 hadi 12. Basi yafaa kila mtumishi wa afya na kila mwalimu ajiulize: ikiwa ugonjwa unaponyeka, kwa nini watu waendelee kufa kwa ugonjwa huo? Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba hawajulikani kuwa wanao wakiwa hai, wala hawajulikani kuwa ndio uliowaua wakishakufa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2024 kwamba homa za ini ziliua watu milioni 1.3 duniani mwaka 2022, wapatao 3,500 kila siku. Idadi hiyo inalingana na ya waliouawa na kifua kikuu mwaka huo huo. Katika vifo hivyo aina B ilichukua asilimia 83 na aina C asilimia 17, yaani vifo 242,000 hivi. Takwimu hizi zinatosha kuonyesha ukubwa wa jambo, lakini hazimsaidii Mganga Mkuu wa Wilaya ya Muleba kuamua aagize vipimo vingapi mwaka ujao.

Yafaa kutazama kwa makini jinsi kifo cha namna hii kinavyopotea katika maandishi. Mgonjwa analetwa hospitali akitapika damu. Anafariki baada ya siku mbili. Mganga mwenye wagonjwa wengi wanaomsubiri anajaza cheti: sababu ya kifo, kutapika damu. Hakusema uongo, maana ndicho alichokiona. Lakini kutapika damu ni mwisho wa safari. Cheti kilichojazwa sawasawa kina mistari inayoteremka kutoka kilichomwua mtu saa ile hadi kilichoanzisha maradhi yote. Mstari wa kwanza ungesema kutapika damu. Wa pili ungesema kupasuka kwa mishipa iliyovimba katika koo la chakula. Wa tatu ungesema makovu ya ini. Wa nne ungesema virusi vya C, au virusi vya B, au pombe, au kichocho. Mstari wa chini kabisa ndio unaohitajiwa na mpangaji, na ndio unaobaki mtupu mara nyingi kuliko mingine yote, kwa kuwa hakuna aliyempima marehemu virusi alipokuwa hai. Hivyo kifo huingia katika takwimu kama "ugonjwa wa ini" au "saratani", na wakati mwingine kama "upungufu wa damu". Ndiyo maana, ndugu walimu, mtu akihesabu vyeti vilivyoandikwa "homa ya ini C" atapata karibu sifuri, naye atatoka hapo akiamini kwamba tatizo halipo.

Na huyo aliyetapika damu hospitalini ana bahati ya kuandikwa. Sheria inataka kila kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, lakini sehemu kubwa ya vifo nchini haijapata kufika kwenye daftari la msajili. Cheti cha kuzaliwa kinadaiwa shuleni, kwa hiyo mzazi hukitafuta. Cheti cha kifo hutafutwa pale tu panapokuwa na mirathi, pensheni au akaunti ya benki. Mkulima wa Kamachumu asiye na pensheni hana kinachomsukuma mjane wake apande gari hadi wilayani kwa ajili ya karatasi.

Mkoa huu umekwisha kuona gharama ya kuhesabu nusu. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, abiria wa madaraja ya juu walikuwa wameandikwa, lakini wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Maiti walizikwa, taifa likaomboleza, na hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa tarakimu zinazotofautiana. Wasioandikwa walikuwa wenye tiketi za bei ndogo. Katika vifo vya ini ni hivyo hivyo: anayeandikwa ni aliyefika hospitali kubwa, na anayefika hospitali kubwa ni mwenye nauli.

Lakini mkoa huu huu una historia nyingine, ambayo watumishi vijana hawana budi kuijua. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Wakati huo wananchi waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara wa mpakani, na wengi waliamini kwamba ni uchawi wa kulipiza deni la magendo. Hospitali ziliona wagonjwa wakiongezeka. Hata hivyo, kuona wagonjwa wodini hakumwambii mtu ni wangapi walioko majumbani, wala kama Karagwe ina hali sawa na Bukoba Mjini. Ilisemwa kila namna ya neno: kwamba mkoa mzima umekwisha, au kwamba ni maneno ya mahasimu.

Mwaka 1987 wataalamu wa Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden na wakiongozwa na Dakta Japhet Killewo, hawakungoja wagonjwa waje. Walichagua kaya kwa kura katika wilaya zote za mkoa, wakaenda nyumba kwa nyumba, wakapima damu. Matokeo yaliondoa ubishi. Kati ya watu wazima wa umri wa miaka 15 hadi 54, Bukoba Mjini walioambukizwa walikuwa asilimia 24.2. Bukoba Vijijini na Muleba walikuwa asilimia 10. Karagwe walikuwa asilimia 4.5, na Ngara na Biharamulo hawakufika hata asilimia 1. Ilionekana kwamba mkoa mmoja ulikuwa na hali nne tofauti, na kwamba kugawa nguvu sawasawa kwa kila wilaya kungekuwa kosa. Vipimo vilirudiwa. Bukoba Mjini ilishuka hadi asilimia 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996. Muleba ilishuka hadi asilimia 6.8 mwaka 1996 na 4.3 mwaka 1999. Bila kipimo cha kwanza, asingepatikana mtu wa kuthibitisha kwamba juhudi za wananchi zimezaa matunda. Kila mmoja angebaki na maoni yake.

Kazi ya pili ilihusu vifo vyenyewe na yale yanayobaki nyuma ya kifo. Kati ya 1991 na 1994, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Benki ya Dunia vilifuatilia kaya zaidi ya 900 za Kagera, wakizirudia kila baada ya miezi sita. Waandaaji walijua kwamba, hata katika mkoa ulioathirika, kaya nyingi hazipati msiba wa mtu mzima katika mwaka mmoja. Kama wangechagua kaya bila mpango wangepata misiba michache mno ya kuwafundisha kitu. Kwa hiyo waliandikisha kwanza maelfu ya kaya, wakaongeza uzito kwa zile zilizokuwa na mgonjwa au zilizokwisha kufiwa. Mwaka 2004 walirudi tena na kuzipata zaidi ya tisa katika kila kumi. Walimu wasikilize jambo hili kwa uangalifu. Ilionekana kwamba mtoto aliyefiwa na mama alipokuwa na umri wa kusoma alikuwa, alipofikia utu uzima, na urefu pungufu kwa sentimita 2 na masomo pungufu kwa mwaka mmoja, akilinganishwa na vile ambavyo angekuwa kama mama angeishi. Mwaka mmoja wa shule, na sentimita mbili za mfupa: hayo ndiyo yaliyopimwa Kagera, na dunia nzima ya wataalamu wa yatima imeyasoma.

Homa ya ini haiui watu wengi kama UKIMWI wa miaka ile, na si haki kuzilinganisha kwa kelele. Lakini nayo huua watu wazima wenye watoto. Saratani ya ini inayotokana na aina B, ambayo katika Afrika huanza kwa maambukizo ya utotoni, huwakuta watu wengi wakiwa na miaka 40 na kitu, umri ambao mtoto wa kwanza yuko sekondari na wa mwisho yuko darasa la pili.

Basi kifo cha aina C kitapimwaje, ikiwa cheti hakikitaji? Njia inayokubalika ina hatua mbili, nayo haihitaji hesabu ngumu kuliko ya darasa la saba. Hatua ya kwanza ni kujua idadi ya watu wanaokufa kwa makovu ya ini na saratani ya ini, bila kujali chanzo. Hatua ya pili ni kuchagua hospitali chache, kupima virusi vya B na C kwa kila mgonjwa mwenye maradhi hayo mawili, na kupata sehemu ya wagonjwa ambao chanzo chao ni C. Kisha idadi ya kwanza huzidishwa kwa sehemu hiyo. Kwa mfano wa kubuni wa darasani: ikiwa katika wagonjwa 50 wa makovu na saratani waliopimwa, 5 wana virusi vya C, hiyo ni sehemu moja ya kumi, na ikiwa wilaya ina vifo 200 vya ini kwa mwaka, vifo vya C hukadiriwa kuwa 20. Mganga hakulazimika kubahatisha katika cheti cha mtu hata mmoja.

Hatua ya kwanza ndiyo ngumu, kwa sababu ya wale wanaofia nyumbani. Kwao hutumika mahojiano: baada ya siku za matanga kupita, mhojaji aliyefundishwa huenda kwa ndugu aliyemuuguza marehemu na kumwuliza maswali yaliyopangwa. Je, macho yaligeuka manjano? Tumbo lilivimba kwa muda gani? Alikonda? Alitapika damu? Alikuwa akinywa, na kiasi gani? Majibu husomwa na waganga au huchambuliwa kwa kompyuta, na sababu inayoelekea kuwa ya kweli huandikwa. Tanzania si ngeni katika kazi hii. Mradi wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima ulifanya hivyo Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini tangu mwaka 1992. Katika wilaya za Rufiji na Morogoro, hesabu za namna hiyo zilionyesha kwamba malaria ilikuwa ikichukua kiasi cha asilimia 30 ya mzigo wa maradhi huku ikipewa asilimia 5 tu ya bajeti. Wilaya zilirekebisha mgao wao, na katika miaka mitano vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Fedha zilizoongezwa hazikuwa nyingi. Zilihamishwa kwenda mahali ambapo watu walikuwa wakifa.

Hata hivyo mahojiano yana mipaka, na katika Muleba mpaka mmoja ni wa pekee. Visiwa vya Bumbire, Ikuza, Mazinga na Goziba, pamoja na mialo yote ya pwani ya ziwa, ni nchi ya kichocho cha tumbo. Minyoo ya kichocho hicho hutaga mayai yanayoziba mishipa ya ini, na mvuvi aliyekaa nayo miaka mingi huvimba tumbo na kutapika damu kama mgonjwa wa makovu ya ini kabisa. Mjane akiulizwa atatoa majibu yale yale. Mahojiano peke yake hayawezi kutenganisha kichocho na virusi, na mpangaji asiyejua hilo anaweza kuagiza dawa za virusi kwa kisiwa kinachohitaji dawa ya minyoo, au kinyume chake. Upo pia ulevi wa rubisi na wa pombe kali za kienyeji. Iko sumukuvu ya nafaka iliyohifadhiwa vibaya, ambayo mwaka 2016 iliwaugua watu 68 na kuua 20 kati yao katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na ambayo ikikutana na virusi vya B katika mwili mmoja huongeza sana hatari ya saratani. Mhaya anayekula ndizi yuko salama kiasi kwa upande huo, ingawa karanga na unga wa mahindi vimo sokoni Bukoba kama kwingineko. Ndiyo sababu kipimo cha damu hospitalini hakiepukiki.

Uko na mtego mwingine, wa kiofisi zaidi. Mgonjwa wa Muleba akizidiwa hupelekwa Bugando, Mwanza. Akifia huko, kifo huandikwa Mwanza; maiti huletwa nyumbani na kuzikwa Muleba. Daftari la Mwanza litaonyesha mzigo usio wake, la Muleba litaonyesha afya isiyokuwapo. Dawa yake ni rahisi, nayo ni kuandika makazi ya kawaida ya marehemu, hadi kijiji, na kuhesabu kwa makazi. Karani anayeandika "Kagera" tu katika nafasi hiyo amefanya nusu ya kazi.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Misri si nchi tajiri. Kwa miongo kadhaa hadi miaka ya 1980 wakulima wake walidungwa sindano za kutibu kichocho, na sindano zilezile zilitumika kwa watu wengi. Waliotibiwa minyoo wakaambukizwa virusi ambavyo havikuwa na jina. Mwaka 2008 uchunguzi wa kitaifa uliopima damu ulionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 10 wa umri wa miaka 15 hadi 59 alikuwa na virusi vya C mwilini. Serikali ya Misri haikuificha takwimu hiyo, ingawa ilikuwa ya aibu kwa idara zake yenyewe. Kati ya 2018 na 2019 ilipima watu karibu milioni 50 na kuwatibu waliokutwa navyo bila malipo, na mwezi Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua kuwa ya kwanza kufikia ngazi ya juu katika njia ya kuutokomeza ugonjwa huo. Kagera haina maambukizo ya Misri, na hakuna sababu ya kutisha watu kwa mfano huo. Kinachofaa kuigwa ni utaratibu: kipimo kilitangulia, dawa ikafuata.

Wala watu wa Muleba wasidhani kwamba vijiji vyao ni vidogo mno kufundisha dunia. Majaribio ya vyandarua vyenye dawa ya aina mpya yaliyoanza huko mwaka 2014 yaliipa Shirika la Afya Duniani ushahidi wa kubadili ushauri wake mwaka 2017. Chandarua kinachotumika leo katika nchi nyingi za Afrika kilihukumiwa kwanza katika nyumba za Muleba.

Lengo la kimataifa ni kwamba ifikapo mwaka 2030 vifo vya aina C visizidi 2 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na vya aina B visizidi 4. Kagera, kwa sensa ya 2022, ina watu karibu milioni 3. Mwalimu yeyote anaweza kufanya hesabu hiyo ubaoni: vifo 60 vya C na 120 vya B kwa mkoa mzima. Hizo ndizo tarakimu ambazo daftari za mkoa zinapaswa kuweza kuzijibu, kwa juu au kwa chini.

Zikipatikana, zisomwe kwa busara. Anayekufa leo kwa virusi vya C aliambukizwa huenda miaka ya 1990, kabla ya kuanzishwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama mwaka 2004, ambao hupima damu yote inayotolewa kwa virusi vya UKIMWI, B, C na kaswende. Kwa hiyo vifo vingi mwaka huu si ushahidi kwamba zahanati za leo zinadunga sindano chafu, na vifo vichache si ruhusa ya kulegeza usafi wa sindano. Vifo hupima makosa ya kizazi kilichopita na tiba ya kizazi hiki. Maambukizo mapya hupimwa kwa njia nyingine. Afisa atakayetumia takwimu ya vifo kumwadhibu mganga wa zahanati atasababisha jambo moja tu: mwaka unaofuata vifo havitaandikwa. Vilevile Muleba ikipata vifo 9 mwaka huu na 14 mwaka ujao, isitangazwe kwamba kuna mlipuko. Kwa idadi ndogo kama hizo, wastani wa miaka mitatu au minne husema kweli zaidi.

Kwa upande wa vijiji, mtu anayejua kila kifo ni balozi na mwenyekiti wa kitongoji, maana hakuna mazishi ya Kihaya yanayofanyika kwa siri. Mtendaji wa kijiji anatakiwa kuwa na daftari. Karani wa kata anatakiwa kulikusanya kila mwezi. Mwalimu naye anaona kitu ambacho hospitali haioni: mtoto aliyekuwa akifika kila siku anaanza kukosa siku mbili kwa wiki, kwa sababu baba amelala na tumbo limevimba na mama amebaki peke yake shambani. Huo si utoro wa kuadhibiwa kwa fimbo. Ni mgonjwa ambaye bado hajahesabiwa, na ambaye pengine bado anatibika.

Jambo la mwisho linahusu heshima. Miaka ya Juliana familia nyingi zilificha sababu ya kifo, na wajane walilaumiwa na kusukumwa nje ya vibanja vya waume zao. Mahojiano ya kifo yakifanywa mbele ya majirani yataleta hayo tena. Mhojaji aende peke yake, azungumze na mwuguzaji faraghani, na jina la ugonjwa lisitamkwe kilabuni. Na anayepimwa damu hospitalini kwa ajili ya takwimu hana budi kuelezwa matokeo yake. Mashine za maabara zinazopima kifua kikuu zinaweza pia kupima virusi vya C, zikipewa katriji yake. Aliyekutwa na C aandikiwe dawa. Aliyekutwa na B aangaliwe kama anahitaji dawa. Yule ambaye tayari yuko katika kliniki ya UKIMWI kwa kawaida anatumia tenofovia, ambayo huzuia virusi vya B pia, ingawa wagonjwa wengi hawajaambiwa. Mke au mume na watoto wake waitwe wapimwe, na wasio na virusi vya B wachanjwe, hasa waliozaliwa kabla ya 2002. Hiyo ni kazi ya siku moja kwa mwuguzi wa zahanati na daftari lake, kabla jina la mgonjwa huyo halijafika kwa karani wa vifo.